Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Namna RNA Fupi Zinavyoongoza Kinga ya Chaza Dhidi ya Virusi

Chaza hana kingamwili, wala hana seli za kumbukumbu kama zile za wanyama wenye uti wa mgongo, ilhali kila saa hupitisha lita kadhaa za maji ya bahari kwenye mashavu yake, na kila mililita ya maji hayo hubeba virusi kwa mamilioni. Anategemea kinga ya kuzaliwa nayo tu. Miongoni mwa nyenzo za kinga hiyo zimo RNA fupi, vipande vyenye nyukleotidi (herufi za mfuatano wa RNA) 20 hadi 31 hivi, ambavyo havitengenezi protini yoyote lakini huamua ni ujumbe upi wa jeni utakaosomwa, upi utakaokatwa na upi utakaonyamazishwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili au mtafiti mwenye maabara ya kawaida ya biolojia ya molekuli, anayetaka kuthibitisha kwa majaribio yake mwenyewe kazi inayofanywa na RNA hizo chaza anapovamiwa na virusi.

Mfano utakaotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho ni chaza wa Pasifiki, Crassostrea gigas, ambaye baadhi ya wataalamu sasa humwita Magallana gigas, pamoja na kirusi cha jamii ya herpesi kiitwacho OsHV-1. Hao wawili ndio waliochunguzwa zaidi, na jenomu zao zote mbili zinapatikana. Kupata RNA fupi si kazi ngumu, kwa kuwa mashine za kusoma mfuatano zitakupa mamilioni ya vipande katika muda mfupi. Kazi ngumu ni kutenganisha mambo manne yanayofanana kwa sura: udhibiti wa jeni za chaza kupitia maikroRNA, ukataji wa RNA ya kirusi, kazi ya piRNA (makundi haya ya RNA fupi yanaelezwa hapa chini), na king'ora cha jumla ambacho chaza hukipiga kila anapokutana na RNA ya nyuzi mbili. Karibu kila hatua iliyoelezwa hapa chini inalenga kuyatenganisha hayo manne.

Mambo ya kuelewa kabla ya kuanza

OsHV-1 ni kirusi cha DNA ya nyuzi mbili chenye jenomu ya jozi za besi zipatazo 207,000, na uchambuzi wa kwanza wa jenomu hiyo, uliotolewa mwaka 2005, ulibainisha maeneo 124 yanayoweza kuwa jeni. Kiko katika familia ya Malacoherpesviridae, pamoja na kirusi cha herpesi kinachowaua konokono wa baharini waitwao abaloni. Mwaka 2008 aina mpya iliyopewa jina la µVar ilionekana Ufaransa wakati chaza wachanga walipokufa kwa wingi, kisha mwaka 2010 aina za namna hiyo zikaleta vifo New Zealand na Australia, na mwaka 2016 zikafika Tasmania. Barani Ulaya vifo huanza pale joto la maji linapopita nyuzi 16 za Selsiasi.

Ugonjwa wenyewe huenda kwa hatua. Kirusi huingia kwanza katika hemosaiti, yaani seli za damu za chaza ambazo ndizo askari wake wakuu, kinga hudhoofika, kisha bakteria, wakiwemo wa jenasi ya Vibrio, hushambulia mwili usio na ulinzi na kumuua mnyama. Mpangaji wa jaribio asilisahau jambo hili hata kidogo, kwa sababu chaza aliyekaribia kufa atakuonyesha zaidi RNA za mwili unaooza kwa bakteria kuliko RNA za mwili unaopambana na kirusi.

Msomaji makini atauliza: kirusi cha DNA kinahusianaje na mfumo unaotambua RNA ya nyuzi mbili? Jibu ni kwamba jeni za OsHV-1 zimepangwa kwenye nyuzi zote mbili za DNA, hivyo nakala za RNA zinazotoka pande zinazokabiliana hupishana na kushikana. Ushahidi upo. Kimeng'enya cha chaza kiitwacho ADAR, ambacho hufanya kazi kwenye RNA ya nyuzi mbili pekee, hubadilisha adenosini kuwa inosini, na mashine ya kusoma mfuatano huisoma inosini kama G. Mabadiliko hayo ya A kuwa G yamekutwa kwa wingi katika RNA za OsHV-1 zilizotoka kwa chaza walioambukizwa. RNA hiyo ya nyuzi mbili basi hugombaniwa na wapokeaji watatu: ADAR, protini za kundi la RIG-I zinazopiga king'ora, na Dicer, kimeng'enya kinachoikata vipande vifupi.

Makundi ya RNA fupi ni matatu. MaikroRNA zina nyukleotidi 22 hivi, hutoka kwenye jeni za chaza mwenyewe, hukatwa kwanza na kimeng'enya cha Drosha ndani ya kiini na baadaye na Dicer nje ya kiini, kisha hubebwa na protini ya Argonaute hadi kwenye ujumbe wa jeni unaolingana nazo, hasa kupitia nyukleotidi ya 2 hadi ya 8. siRNA zina urefu unaokaribiana na huo, ila hutokana na RNA ndefu ya nyuzi mbili, ikiwemo ya kirusi, na zinapolingana kikamilifu na shabaha huikata. piRNA ni ndefu zaidi, nyukleotidi 24 hadi 31, hazihitaji Dicer, hubebwa na protini za Piwi, na mara nyingi huanza na U. Kwa wanyama wengi piRNA huhusishwa hasa na tezi za uzazi, lakini kwa moluska, chaza wa Pasifiki akiwa mmojawapo, zimekutwa pia katika tishu za kawaida za mwili. Kwa hiyo usizitupe ukidhani ni uchafu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Swali la kwanza linalowezekana ni kama maikroRNA za chaza hubadilika kiasi baada ya maambukizi, na kama mabadiliko hayo yanagusa jeni za kinga. La pili ni kama Dicer ya chaza huikata RNA ya kirusi. La tatu linahusu piRNA. La nne ni kama kumdunga chaza RNA ya nyuzi mbili kunamlinda, na kwa njia ipi. Kila swali lina sampuli zake, kundi lake la ulinganisho na hesabu zake. Mpango unaojaribu kuyajibu yote kwa sampuli zile zile sita huishia na orodha ndefu ya majina ya maikroRNA na maelezo mafupi sana. Kwa anayeanza, swali la pili ndilo ninalolipendekeza, kwa kuwa lina alama za kimaumbile ambazo ama zipo au hazipo, na halitegemei sana ubashiri wa kompyuta.

Hatua ya 2: Andaa chaza na maambukizi

Tafuta chaza wachanga wa nasaba inayojulikana kutoka kwenye kituo cha kutotolea, wenye umri na ukubwa sawa. Ukipata nasaba mbili, moja inayostahimili kirusi na nyingine isiyostahimili, jaribio lako litakuwa na uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ustahimilivu huu hurithiwa na utaweza kuuliza kama RNA fupi zinaenda sambamba nao. Kabla ya lolote, pima baadhi yao kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi hadi igundulike, ili uhakikishe kwamba hawajabeba OsHV-1 tayari. Kirusi hiki kinaweza kukaa ndani ya chaza anayeonekana mzima.

Wazoeshe maji ya jaribio kwa wiki moja au zaidi, kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22 lisilobadilika. Joto ni kigezo kinachoweza kuvuruga kila kitu: chaza walioambukizwa na kuwekwa kwenye nyuzi 29 hufa kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wa nyuzi 21. Tofauti ya joto kati ya matangi inaweza kwa hiyo kukuzalia tofauti ya RNA isiyohusiana na swali lako.

Maambukizi hufanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kumlegeza chaza katika maji yenye kloridi ya magnesiamu hadi gamba lifunguke, kisha kudunga kwenye msuli wa kufunga gamba mikrolita 50 hadi 100 za rojo la tishu zenye kirusi lililopitishwa kwenye chujio la mikromita 0.22. Njia ya pili ni kuwaweka chaza wazima pamoja na chaza waliodungwa ili kirusi kipite majini. Ya kwanza inakupa saa kamili ya kuanza kwa maambukizi. Ya pili inafanana zaidi na hali ya baharini, ila kila mnyama huambukizwa kwa wakati wake. Kwa utafiti wa RNA fupi, ambapo saa 12 ni muda mrefu, anza na sindano.

Kundi la ulinganisho lipewe rojo lililoandaliwa kwa namna ile ile kutoka kwa chaza wasio na kirusi. Maji safi ya bahari hayatoshi. Rojo la tishu limejaa protini na RNA za chaza mwingine, na zote hizo huamsha kinga. Ukilinganisha rojo la kirusi na maji matupu utakuwa unapima jeraha, tishu ngeni na kirusi kwa pamoja. Ongeza pia kundi ambalo halikudungwa kabisa.

Kumbuka kwamba chaza kumi ndani ya tangi moja si marudio kumi huru, kwani wanashirikiana maji, bakteria na kirusi. Tumia matangi yasiyopungua matatu kwa kila kundi, na uhesabu tangi kama sehemu ya modeli yako ya takwimu. Maji yote yanayotoka yauliwe viini kwa klorini kabla ya kumwagwa, na mabaki ya chaza yasiende popote karibu na bahari.

Hatua ya 3: Chukua sampuli kwa wakati na mahali sahihi

Saa 0, 6, 12, 24, 48 na 72 zinatosha. Kwa sindano, wingi wa kirusi hupanda kwa kasi katika siku ya kwanza, na vifo huanza kuonekana kuanzia siku ya pili hivi. Saa 6 hadi 24 ndizo zenye hazina. Za 48 na 72 zichukue kwa ajili ya kuona mwendo, ukijua kwamba bakteria wameshaanza kuingia.

Gawa tishu ya kila chaza mara mbili, nusu kwa DNA ya kupimia wingi wa kirusi na nusu kwa RNA. Usichanganye chaza kadhaa katika chupa moja ili kupunguza gharama. Ndani ya tangi moja utakuta chaza mwenye nakala za kirusi kwa mamilioni kando ya mwenzake asiye na kitu, na wastani wa hao wawili hauelezi hali ya yeyote kati yao. Ukipima kila mmoja peke yake, wingi wa kirusi unageuka kuwa kigezo cha uchambuzi.

Ukingo wa utando unaofunika nyama, yaani mantili, ni tishu nzuri kwa sababu kirusi huongezeka hapo. Hemosaiti ni bora zaidi kwa swali la kinga, ingawa chaza mchanga hutoa chache. Tezi ya chakula iepuke: imejaa mwani ulioliwa, ambao nao una RNA zake fupi, pamoja na vimeng'enya vinavyoharibu RNA. Angalia pia ukomavu. Tezi ya uzazi ya chaza huenea na kuizunguka tezi ya chakula bila mpaka ulio wazi, na kipande chake kidogo kikiingia kwenye sampuli kitaleta piRNA nyingi kiasi cha kukudanganya. Kwa hiyo chaza ambao hawajapevuka hukuondolea usumbufu mwingi. Gandisha tishu katika nitrojeni ya kimiminika mara moja.

Hatua ya 4: Toa RNA bila kupoteza zilizo fupi

Tumia njia ya fenoli na guanidini, au kichujio cha silika kilichoandaliwa mahsusi kwa RNA fupi. Vichujio vya kawaida huzishika RNA ndefu na kuziacha fupi zipite. Kinachosaidia ni kuongeza kiasi cha ethanoli wakati wa kuzinasa. Chaza wana sukari changamano nyingi zinazoshuka pamoja na RNA na kuizuia isiyeyuke vizuri, hivyo osha mara mbili na uangalie uwiano wa mwanga wa nanomita 260 na 230 kabla ya kuendelea.

Hapa wengi hutupa sampuli nzuri. Mashine za kupima uzima wa RNA hutegemea vilele viwili, vya 18S na 28S, ambazo ni RNA kubwa za ribosomu. Katika moluska wengi, chaza wakiwemo, RNA ya 28S ina mkato wa asili katikati, na joto linalotumiwa kuiandaa huitenganisha kuwa vipande viwili vinavyokaa karibu na 18S. Mashine huona kilele kimoja na kutoa alama ya chini kana kwamba RNA imeoza. Tazama mchoro wenyewe badala ya alama: kilele kimoja chembamba kisicho na mkia mrefu upande wa vipande vifupi ni dalili ya RNA nzima. Mkia huo ukiwepo, sampuli haifai kabisa kwa swali la siRNA, kwa sababu RNA ndefu iliyovunjika hutoa vipande vya kila urefu, vikiwemo vya 21 na 22.

Hatua ya 5: Tengeneza maktaba

Maktaba ni mkusanyiko wa vipande vya RNA vilivyoandaliwa kwa ajili ya mashine ya kusoma mfuatano. Maktaba ya kawaida hunasa RNA zenye fosfati moja upande wa mwanzo na kundi huru la haidroksili upande wa mwisho, ambazo ndizo alama za bidhaa za Dicer. Unapochagua ukubwa, chukua nyukleotidi 18 hadi 35. Maabara nyingi hukata hadi 25 ili kupata maikroRNA peke yake, na kwa kufanya hivyo hujifungia mlango wa piRNA kabla hata hazijaangaliwa. Tumia adapta, yaani vipande vya kuunganishwa kwenye ncha za RNA ili mashine izisome, zenye nyukleotidi za nasibu kwenye ncha, kwani vimeng'enya vya kuunganisha hupendelea mifuatano fulani na kuikataa mingine.

Kwa sampuli chache, tengeneza maktaba ya pili baada ya kuiweka RNA kwenye peryodati. Kemikali hii huharibu ncha ya mwisho ya RNA isipokuwa pale ambapo nyukleotidi ya mwisho imekingwa kwa kundi la methili, kama ilivyo kwa piRNA. MaikroRNA zitapungua sana na piRNA zitabaki, nawe utakuwa na ushahidi wa kikemia badala ya kutegemea urefu peke yake. Kipimo hiki ni cha bei ndogo, na nashangaa kinavyotumiwa mara chache.

Toka katika sampuli zile zile, soma pia RNA ndefu. Bila hiyo hutajua kama jeni inayodhaniwa kulengwa na maikroRNA imebadilika kweli, wala hutaona alama za ADAR.

Hatua ya 6: Safisha data na utazame mgawanyo wa urefu

Ondoa adapta kwa programu kama cutadapt, tupa vipande vifupi kuliko 18, kisha, kabla ya kuhesabu jeni yoyote, chora idadi ya vipande kwa kila urefu. Katika chaza utarajie kilima kwenye 22, ambacho ni maikroRNA, na kilima cha pili kipana karibu na 29 au 30, ambacho ni piRNA. Ukikuta mteremko usio na vilima, rudi kwenye RNA yako. Ukikuta kilima kikali kwenye urefu usio wa kawaida, kwa mfano 31 hadi 33, kagua kama ni nusu za tRNA (RNA zinazobeba asidi amino), ambazo huongezeka seli zinaposhtuka.

Ramanisha vipande, yaani tafuta mahali vinapolingana, kwenye jenomu ya chaza kwa programu ya bowtie, ukiruhusu kosa moja. Jenomu iliyochapishwa mwaka 2012 ilionyesha kwamba spishi hii ina tofauti nyingi mno za kijeni kati ya mnyama na mnyama, hivyo ramani isiyoruhusu kosa hata moja hupoteza RNA halali za chaza asiyefanana na yule aliyesomwa. Siku hizi kuna jenomu zilizopangwa hadi kromosomu 10. Tumia mojawapo ya hizo.

Hatua ya 7: Tambua maikroRNA na mabadiliko yake

Usitafute maikroRNA za chaza kwa orodha ya binadamu. Familia ya miR-2 haimo katika wanyama wenye uti wa mgongo, na miR-71 ilipotea katika ukoo wao. Zote mbili zipo kwa chaza. Tumia programu ya miRDeep2 au ShortStack kwenye jenomu yenyewe, kisha linganisha na hazina ya MirGeneDB, ambayo ina masharti makali. Kwa kila maikroRNA mpya unayotaka kuitangaza, hakikisha kwamba mikono yote miwili ya kipini, yaani RNA iliyojikunja ambamo maikroRNA hukatwa, imesomwa, kwamba upande wa mwanzo wa vipande haubadiliki-badiliki, na kwamba mikono hiyo ikikutanishwa inaacha nyukleotidi mbili zinazochomoza. Nyingi zitaanguka kwenye masharti haya, na ni heri zianguke mikononi mwako kuliko mikononi mwa mhakiki.

Kwa mabadiliko ya kiasi, programu za takwimu za DESeq2 au edgeR zinatosha. Weka wingi wa kirusi ndani ya modeli, pamoja na tangi na nasaba. Kisha thibitisha maikroRNA chache kwa PCR ya kiasi inayotumia kianzio chenye umbo la kipini. RNA ya kulinganishia ichaguliwe kutoka katika data yako, ile isiyobadilika, badala ya kuchukua RNA ya U6 kwa mazoea.

Hatua ya 8: Tafuta nyayo za Dicer kwenye RNA ya kirusi

Vipande visivyolingana na chaza viramanishe kwenye jenomu ya OsHV-1, na iwe ya aina ile ile uliyodunga, kwa kuwa µVar ina upungufu na mabadiliko yasiyomo katika jenomu ya awali. Kuwepo kwa vipande vya kirusi hakuthibitishi chochote. Kirusi kinachozaliana kwa kasi hutengeneza RNA nyingi, nyingi ya RNA hizo huvunjika, na vipande huingia katika maktaba. Unachokitafuta ni umbo lake.

Anza na urefu. Ukataji wa Dicer hutoa kilima chembamba kwenye 21 au 22, ilhali uozo hutoa mgawanyo tambarare. Endelea na nyuzi: Dicer hukata pande zote mbili za RNA ya nyuzi mbili, hivyo vipande vya uzi wa ujumbe na vya uzi wa kinyume viwe vinakaribiana kwa idadi. Iwapo asilimia kubwa mno iko upande wa ujumbe peke yake, huo ni uozo wa ujumbe wa jeni. Kisha hesabu mwingiliano wa vipande vya nyuzi zinazokabiliana. Vipande viwili vya 22 vilivyotoka kwenye mkato mmoja wa Dicer hushikana kwa nyukleotidi 20 na kuacha mbili zinazochomoza kila upande. PiRNA zinazozalishana kwa mzunguko wa kukatana hushikana kwa nyukleotidi 10, moja ikianza na U na mwenzake akiwa na A mahali pa 10. Mwisho tazama mahali vinapotoka. Vikiwa ni siRNA za kweli, vitarundikana pale ambapo jeni za kirusi zinakabiliana, na hapo hapo data ya RNA ndefu itaonyesha alama za ADAR. Maeneo hayo mawili yakikutana, hoja yako imepata shahidi wa pili aliye huru.

Tahadhari mbili. Sampuli zenye kirusi kingi zikisomwa pamoja na za ulinganisho kwenye mashine moja, sehemu ndogo ya vipande huhama kutoka lebo (mfuatano unaotambulisha sampuli) moja hadi nyingine, na chaza safi huonekana kana kwamba wana kirusi kidogo. Tumia lebo mbili za kipekee kwa kila sampuli. Pia jenomu ya OsHV-1 ina maeneo yanayojirudia, hivyo vipande vinavyoramanishwa zaidi ya mahali pamoja vigawanywe na visihesabiwe mara mbili.

Wala usishtuke usipoona kilima cha 22. Katika moluska, ukataji wa virusi kwa Dicer haujawa wazi kama ulivyo kwa wadudu, na chaza ana protini nyingine nyingi za kupambana na virusi: za mfano wa STING, vidhibiti vya jamii ya IRF, viperini, Mx. Matokeo hasi yaliyopatikana kwa RNA nzima, kwa usomaji wa kina wa kutosha na kwa vipimo hivi vyote ni matokeo kamili.

Hatua ya 9: Kutoka shabaha ya kubashiriwa hadi shabaha ya kweli

Programu kama miRanda na RNAhybrid zitakupa maelfu ya shabaha, na sehemu kubwa si za kweli. Zichuje kwa mambo matatu: eneo la mwisho la ujumbe wa jeni liwe limesomwa kweli, kwa kuwa katika jenomu ya chaza maeneo hayo mara nyingi yameandikwa nusunusu, ujumbe wenyewe uende kinyume na maikroRNA katika chaza wale wale, na mahali pa kushikia pawe pamesalia katika nasaba yako, maana tofauti moja ya besi inatosha kupaondoa.

Zinazobaki zijaribiwe kwa lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga ambao hupungua maikroRNA inaposhika shabaha. Hakuna ukoo wa seli za chaza unaoweza kukuzwa maabara bila kikomo. Moluska pekee aliyetoa ukoo unaodumu ni konokono wa maji baridi, Biomphalaria glabrata. Ndiyo sababu majaribio haya hufanywa katika seli za binadamu za HEK293. Yanathibitisha kwamba maikroRNA inaweza kushika shabaha, hayathibitishi kwamba inafanya hivyo ndani ya chaza. Daraja kati ya mambo hayo mawili ni kumdunga chaza mwigo wa maikroRNA au kizuizi chake na kupima shabaha pamoja na wingi wa kirusi. Njia hii ndiyo iliyotumiwa kwa baadhi ya maikroRNA za chaza zinazohusishwa na kinga, mfano ukiwa miR-2d, ambayo imehusishwa na mfumo wa asetilikolini unaounganisha neva na hemosaiti.

Hatua ya 10: Kudunga RNA ya nyuzi mbili

Kwa kudunga RNA ndefu ya nyuzi mbili inayolingana na jeni fulani, jeni hiyo hunyamaa. Jambo hili lilionyeshwa kwa chaza wa Pasifiki mwaka 2009 kwa jeni ya vasa inayohusika na seli za uzazi. Ni rahisi basi kufikiri kwamba RNA inayolingana na jeni ya kirusi itakinyamazisha kirusi. Huenda chaza wako wakapona kweli, na hapo ndipo mtafiti anapohitaji kusita.

Mwaka 2013 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba poly(I:C), RNA ya nyuzi mbili ya kutengenezwa isiyolingana na jeni yoyote, huwalinda chaza dhidi ya OsHV-1 µVar, na tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba ulinzi huo hudumu kwa miezi. Mwaka 2017 ikaonyeshwa kwamba RNA ndefu ya nyuzi mbili ya GFP, protini ya samakijeli isiyohusiana kabisa na chaza, nayo huamsha jeni za Mx na Dicer na kukizuia kirusi kuzaliana. GFP ndiyo inayotumiwa kila mahali kama ulinganisho usio na athari. Kwa chaza ina athari, na ni athari ile ile unayoipima.

Kwa sababu hiyo, jaribio liwe na makundi manne yasiyopungua: RNA inayolingana na kirusi, RNA ya GFP yenye urefu na kiasi sawa, poly(I:C), na maji yaliyochujwa. Ukiona RNA ya kirusi inalinda kuliko GFP, tena kwa tofauti inayojirudia katika matangi, una dalili ya ulengaji mahsusi. Zikilinda sawasawa, umepima king'ora. Ongeza kundi la siRNA fupi za 21 zilizotengenezwa tayari, ambazo huamsha king'ora kwa kiasi kidogo zaidi, na usome RNA fupi za chaza waliodungwa ili uone kama RNA ndefu ilikatwa kweli kuwa vipande vya 21 na 22 au ilibaki nzima.

Jaribio ambalo kila mtu hulitamani ni kuiondoa Dicer na kuona kama kirusi kinashamiri. Kuiondoa kwa kudunga RNA ya nyuzi mbili kunajipinga kwenyewe: unaitegemea Dicer ili kuinyamazisha Dicer, na wakati huo huo unapiga king'ora kinachoipandisha. Njia iliyo wazi zaidi ni CRISPR, zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, ambayo imekwisha kutumika kukata jeni katika viinitete vya chaza wa Pasifiki. Wanyama wanaopatikana mara nyingi huwa mchanganyiko wa seli zilizokatwa na zisizokatwa, na Dicer inahitajika pia kwa maikroRNA zinazoongoza ukuaji, hivyo wengi wanaweza kufa kabla ya kufikia ukubwa wa kuambukizwa. Lenga kwanza Argonaute inayobeba siRNA, ikiwa data yako ya hatua ya 8 imekuonyesha kwamba kuna siRNA za kubebwa, na uambukize mabuu badala ya kusubiri chaza wachanga, kwa kuwa OsHV-1 huwaua mabuu pia, na maelfu yao huenea katika chombo kimoja kidogo.